Jumapili ya Nne

Mtu akitaka sweta ya shule itakayodumu mpaka mtoto amalize darasa la sita, mtaa mzima wa Huruma humwelekeza kwa Kabura. Hana kibao mlangoni. Wanakwambia tu upite nyuma ya posho mili ya kusagia unga, usikilize mahali mashine inakwaruza, kisha ubishe. Ndani utamkuta mwanamke mnene, kilemba cheupe kichwani, akisukuma mashine ya kufuma huku na huku kama anayepiga pasi nguo isiyoisha. Akishampima mtoto kifua mara moja, basi. Mwaka ujao atamwambia mama yake, "Huyu ataongeza inchi mbili," na zitakuwa mbili.

Watoto wa watu aliwajua kwa majina na kwa vipimo. Wa kwake hakuwa naye. Katika mtaa ule mwanamke huitwa kwa mtoto wake: huyu Mama Tyson, yule Mama Ashley, na kina mama wa kanisani wakiongozwa na Mama Waithira. Kabura, baada ya miaka tisa ya kuolewa, alikuwa bado Kabura. Wenye adabu zaidi walimwita Bibi ya Kinuthia. Halikuwa tusi, lakini lilimkaa kooni kila aliposikia. Alitaka mtoto mmoja tu, wa kiume au wa kike, mweupe au mweusi, mradi amwite mama mbele za watu.

Tatizo lake lilianza zamani, tangu akiwa msichana wa miaka kumi na sita, na yeye alilizoea kama mtu anavyozoea mlango unaokwama. Mwezi wake haukuwa mwezi. Ungepotea miezi miwili, mitatu, halafu damu ingekuja na kukaa wiki tatu bila aibu. Mama yake alimwambia atatulia akiolewa. Alipoolewa wakamwambia atatulia akizaa. Hakuna aliyemwambia lingine la kufanya, na kwa kweli hakuwauliza wengi.

Kilichomfunga mdomo ni benchi.

Kanisa lao lilikuwa la mabati, na waumini wake, karibu wote watu waliotoka mkoa wa Kati zamani kuja kulima na kufungua maduka huku juu, huvaa meupe kuanzia kichwani hadi miguuni. Mwanamke aliye katika siku zake haingii ndani. Hukaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha, akifuata ibada kwa masikio. Hakuna aliyeona kwamba ni adhabu. Nyanya zao walikaa hivyo, mama zao walikaa hivyo, na wapo waliolipenda benchi lenyewe, kwa kuwa nje kuna jua na mahubiri ya Mzee Gerishon yalikuwa na tabia ya kuanza upya yakikaribia kuisha.

Lakini benchi linaonekana. Ukikaa pale Jumapili moja, watu husema yuko katika siku zake. Ukikaa tatu mfululizo, huanza kukutazama. Mwaka wa kwanza wa ndoa Kabura alikaa Jumapili tano, na ile ya tano Mama Waithira akaja kuketi kando yake, akamshika mkono kwa upole wa kweli, akamwuliza, "Kabura, kuna kitu ungependa kuungama?" Maana damu isiyokoma, kwa imani yao, ilikuwa na mzizi wa dhambi, na mzizi hung'olewa mbele ya kanisa, mtu akiwa amesimama na akisema kwa sauti. Wiki iliyofuata habari ilikuwa imefika Cheptiret, kwa mama mkwe.

Tena ilikuwepo ngoma. Kabura ndiye aliyepiga ngoma ya kina mama, na hapakuwa na mwingine aliyeweza kuipiga vile. Watu waliolala wakati wa mahubiri waliamka akiigusa. Aliye benchini haruhusiwi kuigusa. Alisikia mwingine akiipiga vibaya mle ndani, na ndani ya kifua chake kitu kikamwambia, yatosha.

Basi akajitengenezea mwezi wake. Jumapili ya nne ya kila mwezi alikaa benchini, damu iwepo isiwepo. Jumapili nyingine zote aliingia, akaiweka ngoma kati ya magoti, na chini ya gauni jeupe alikuwa amevaa pedi mbili, kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, na sketi nyeusi nzito aliyoifuma mwenyewe kwa uzi wa sweta. Alikuwa fundi, na hata uongo wake aliupima vizuri. Kwa miaka minane hakuna tone lililoonekana. Mama Waithira aliacha kumtazama, na mama mkwe akabaki na swali moja tu, lile la mtoto.

Mwaka wa 2022, mwezi wa Januari, akaja Chebet.

Chebet alikuwa nesi, binti mrefu mwenye sauti ya chini, ameajiriwa na watafiti waliokodi nyumba mtaa wa West Indies na kuigeuza ofisi. Aliwapata kina mama mahali wanapopatikana, yaani kanisani baada ya ibada, akawaeleza alichokuja kufanya. Alieleza vizuri, hilo lazima asifiwe.

"Kila mwezi yai linafaa kutoka," alisema. "Likitoka, mwili unajua ni wakati wa kuanza na ni wakati wa kumaliza. Lisipotoka, ule ukuta wa ndani ya kizazi unaendelea kunenepa tu, hakuna wa kuuambia simama. Halafu siku moja unaanza kuanguka vipande vipande. Ndio unaona mtu anatoka damu wiki mbili, wiki tatu. Na huyo mtu kushika mimba ni shida."

Kabura, aliyekuwa ameketi nyuma, alielewa mara moja. Ilikuwa sawa na kufuma bila kufunga mstari wa mwisho: sweta inazidi kurefuka, na ukivuta uzi inafumuka yote. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mtu alikuwa amemwelezea mwili wake, tena bila kumtaja jina.

"Sisi hatutafuti makosa ya mtu, mama zangu," Chebet akaendelea. "Tunatengeneza njia ya kujua mapema. Tutawauliza maswali, tutawapima, na mtajaza kalenda miezi sita. Mashine itapiga hesabu ituambie nani ako kwa hatari. Mwenye ako na hatari anapelekwa kwa daktari na anapewa dawa, bure. Si lazima mtu angoje aharibike."

Akawagawia wanawake arobaini na wawili kalenda na biki nyekundu. Kila siku ya damu, paka kisanduku rangi. Ni hayo tu. Kisha akauliza ni nani angemsaidia kuzikusanya kila mwisho wa mwezi, maana kuzunguka matope ya Huruma mlango kwa mlango angemaliza viatu. Mama Waithira akainua mkono. Kwani nani mwingine? Yeye ndiye aliyekusanya kila kitu kanisani: sadaka za kina mama, unga wa wagonjwa, majina ya waliofiwa. Chebet akashukuru sana, na kina mama wakaitikia amina. Chebet hakuona kosa lilikokaa, wala Mama Waithira, ambaye hakuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini wanawake arobaini na mmoja waliitazama kalenda, wakakitazama kiondo cha Mama Waithira, kile kikapu alimotia kila alichokusanya, na kila mmoja akajua la kufanya bila kuambizana.

Mwisho wa mwezi wa kwanza, Lynette alikuja kwa Kabura na kalenda tupu. Alikuwa wa kanisa lao, mke wa kijana aitwaye Antony, miaka ishirini na mitatu, msusi wa nywele, ameolewa mwaka uliotangulia na bado tumbo lilikuwa tambarare. Alikaa juu ya gunia la uzi na kuzungushazungusha ile karatasi.

"Anti, mi hii kitu sijajaza," alisema. "Zangu ziko hovyo. Mwezi mwingine hakuna, mwezi mwingine ni kama bomba imepasuka. Na nikiandika ukweli, Mama Waithira si ataisoma kabla afike stage ya matatu?"

Kabura alisimamisha mashine. Angeweza kumwambia jambo moja tu wakati ule, na alilijua: hata mimi, Lynette, hata zangu. Wangeenda wote wawili West Indies kwa miguu, ni mwendo wa nusu saa, wakampa Chebet kalenda mkononi. Badala yake alicheka, akamnyang'anya ile biki.

"Unahesabu kama mistari ya sweta," akamwambia. "Tano nyekundu, ishirini na tatu unaacha. Tano, ishirini na tatu. Hakikisha moja inaangukia Jumapili, na hiyo Jumapili ukae nje. Umeona?"

Akamjazia mwezi ule kwa mkono wake mwenyewe, visanduku vitano safi. Lynette alishukuru, akasema anti ana akili. Miezi mingine alijaza peke yake.

Mwezi wa saba Chebet alirudi na mizani, futi ya kupimia urefu, na kompyuta ndogo ya kushika mkononi. Kina mama waliitwa mmoja mmoja. Kwa mizani hakuna aliyeweza kudanganya, na Kabura alisomeka kilo themanini na nne. Mengine yote aliyajibu kama mtu aliyekaririshwa. Unapata kila baada ya siku ngapi? Ishirini na nane. Zinakaa ngapi? Tano. Kuna mwezi umewahi kukosa? Hapana. Una nywele kidevuni? Hapana, akasema, na asubuhi ileile alikuwa ameng'oa tatu mbele ya kioo. Mama Waithira alikuwa hatua nne kutoka pale, akipanga foleni.

Mashine ilipiga hesabu. Ikamtolea tisa kwa mia, na Chebet akamwandikia karatasi ya kijani. "Uko sawa, mama. Hatari yako ni ndogo kabisa." Lynette alipata saba, kijani pia. Kati ya wanawake wote, watatu tu ndio waliopewa nyekundu, na hao ni wale ambao kalenda zao zilinyeshewa, wakajaza upya kwa kubahatisha mbele ya Chebet mwenyewe. Wakapelekwa kliniki, wakapimwa, hawakuonekana na shida yoyote.

Sasa, akili ya binadamu ni kitu cha kushangaza. Kabura alijua alichojaza. Hakuwa mjinga. Lakini alipotoka pale na ile karatasi akaanza kujiambia kwamba mashine haikuangalia kalenda peke yake. Ilikuwa imeuliza umri, imeuliza usingizi, imejua uzito wake wa kweli. Labda ilikuwa imezunguka nyuma ya uongo wake ikaona yaliyomo, na ikaona kwamba si mabaya. Alitaka sana iwe hivyo, na alipofika nyumbani ilikuwa imeshakuwa.

Kinuthia, mumewe, seremala mpole ambaye maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kiganja, aliisoma ile karatasi mara mbili, akaipigilia msumari nyuma ya mlango. Alijua kwamba damu ya mkewe ni nyingi. Hakujua kwamba si kawaida, kwa kuwa hakuwa na mwanamke mwingine wa kumlinganisha naye, na sasa watu waliosoma walikuwa wamesema. Alimpigia mama yake Cheptiret. "Ameangaliwa," alisema. "Hana shida. Tungoje tu."

Wakangoja karibu miaka miwili.

Katika miaka hiyo Kabura alianza kuchoka. Alianza kupumzika katikati ya sweta, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Ngazi nne za mlangoni zilimfanya aone nyota. Kisha akaanza kutamani odowa, yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni, akayatafuna mchana kutwa mpaka ulimi ukawa mweupe. Na kwa kuwa wanaotafuna odowa kwa kawaida ni wenye mimba, na kwa kuwa katika wiki zilezile damu ilikuwa imepotea, habari zikatembea zenyewe. Mama Tyson alimkonyeza dukani. Mama Waithira alimwambia asiinue ngoma peke yake. Mama mkwe alipanda gari kutoka Cheptiret akiwa na kuku mmoja, unga wa wimbi, na uzi wa manjano laini wa kufumia mtoto.

Kabura hakuwaambia ndiyo wala hapana. Aliuweka ule uzi kwenye rafu ya juu, na kila akiupita aliugusa. Kwa siku kumi na tisa alitembea mtaani kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Hata yeye mwenyewe aliamini. Siku ya ishirini damu ikarudi, nzito, na mabonge, akiwa amekaa kwenye mashine, na alilia huku mkono bado unasukuma kwa sababu jirani angesikia kimya. Ule uzi wa manjano aliutia kwenye sweta za shule moja yenye mistari ya manjano shingoni. Ulitosha sweta tatu.

Hakwenda hospitali hata hapo. Angeenda kusema nini? Karatasi ilikuwa nyuma ya mlango.

Alianguka mwezi wa tatu mwaka wa 2024. Ilikuwa Jumapili ya pili, kwa hiyo alikuwa ndani, na walikuwa katikati ya wimbo. Wale waliokuwa karibu wanasema ngoma ilianza kuchelewa, pigo moja, kisha jingine, halafu ikanyamaza. Kabura aliinama juu yake kama anayeisikiliza. Alipoteleza kwa ubavu, sketi nyeusi iliyomficha kwa miaka yote ile ilikuwa imeshiba na haikuweza tena. Gauni jeupe lilikuwa jekundu kutoka kiunoni hadi kwenye visigino, na sakafu pia.

Mama Waithira ndiye aliyefika kwanza. Alivua shali yake, nyeupe, mpya, akamfunika, akawageukia wanaume akawaambia watazame ukutani. Kisha akapiga magoti kwenye ile damu kwa nguo zake za ibada na kumshika kichwa mpaka gari likapatikana. Hilo nalo lisemwe, kwa sababu ni kweli.

Hospitali kubwa walimtundikia damu painti tatu. Walichukua kipande kidogo kutoka ndani ya kizazi, wakasema majibu ni wiki mbili. Daktari aliyemshughulikia aliitwa Shitanda, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi, na siku ya majibu alimwambia Kinuthia alete karatasi yoyote ya matibabu waliyo nayo nyumbani. Kinuthia alileta ile moja tu waliyokuwa nayo. Aliing'oa kwenye msumari, akaiweka ndani ya bahasha safi.

Daktari Shitanda aliisoma. Akaisoma tena. "Hapa inasema unapata kila siku ishirini na nane," alisema. "Siku tano."

Kabura alitazama blanketi.

"Ni hivyo ndivyo uliwaambia, mama?"

"Ndiyo, daktari."

"Na ilikuwa hivyo?"

"Haijawahi kuwa hivyo. Hata mwezi mmoja."

Kinuthia alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, bahasha tupu mkononi. "Mimi nilidhani uliwaambia ile naona," alisema. Hayo ndiyo maneno yake yote siku hiyo.

Daktari alivua miwani. Hakuwa mtu wa kugombeza, na labda ingekuwa nafuu kama angegombeza. Akaeleza kwamba mayai yake hayakuwa yakitoka, pengine tangu usichanani. Ukuta ulinenepa miaka yote hiyo bila kitu cha kuusimamisha, na sasa ulikuwa umegeuka kuwa saratani, na saratani ilikuwa imeshaingia kwenye nyama ya kizazi. Kizazi kingetolewa, na kingetolewa wiki hiyo.

"Na hiyo miaka miwili," Kabura aliuliza, "kama ningekuja?"

Shitanda alirudisha miwani usoni. "Kuna vidonge vya siku kumi kila mwezi, vya kupanga damu. Na kuna vingine vya kuita yai. Siwezi kukuahidi kwamba ungezaa, mama. Lakini tungejaribu. Wengi hupata."

Kabura aliitikia kwa kichwa. Aligeukia ukuta, na uchungu uliomshika haukuwa wa tumbo. Alikuwa amefikiria miaka yote kwamba kinachomnyima mtoto hakina jina wala dawa, na sasa alikuwa ameambiwa jina, na dawa, na tarehe ambayo dawa ingefaa. Walimpasua Alhamisi.

Alirudi Huruma akiwa mwepesi, mwenye rangi mpya usoni, kwa maana damu ya watu watatu ilikuwa imemkalia vizuri. Majirani walimsifu kwa kupona. Mwezi wa nane, wakati mahindi yanaanza kukauka mashambani na mvua ya jioni haikosi, Chebet alirudi kanisani kuwashukuru kina mama. Alileta mikate na soda. Aliwaambia kwamba kazi imekwisha, hesabu imekubalika, na sasa imewekwa kwenye simu za wahudumu wa afya wa mitaa, wanauliza mwanamke maswali mlangoni kwake, na simu inamwambia kijani au nyekundu hapohapo.

"Na niwaambie ukweli," alisema, akitabasamu, "kalenda za kanisa hili ndizo zilikuwa safi kuliko zote. Mkubwa wetu alishangaa. Alisema angepata watu kama nyinyi kila mahali, kazi ingekuwa rahisi."

Kina mama walipiga makofi. Walipiga kwa nguvu, wakitazama mbele, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Kabura alimngojea Chebet nje, pale kwenye benchi. Alimwambia yote, kwa sauti ya chini, tangu sketi nyeusi hadi Alhamisi ya kupasuliwa. Chebet alisikiliza akiwa ameshika chupa ya soda, na uso wake ukawa unashuka kidogokidogo.

"Mama, ungesema," alisema mwishowe. "Hata ungenipigia. Namba yangu ilikuwa kwa kalenda."

"Na kalenda ilikuwa kwa kiondo ya nani?"

Chebet aligeuka akamtazama Mama Waithira ndani, akigawa mikate kwa haki, kipande kwa kipande. Akaanza kuelewa, na ilimchukua muda, kwa sababu yalikuwa mengi ya kuelewa kwa mara moja.

"Wangapi?" aliuliza.

"Mimi sijui. Uliza benchi. Mwezi mzima wanakaa kwa zamu kama askari, hakuna anayerudia, hakuna anayekosa. Umewahi kuona wanawake hivyo?"

"Nitawaambia wakubwa," Chebet alisema, lakini sauti haikuwa na nguvu. "Tatizo ni kuwa data ilishafungwa, mama. Ripoti ilienda. Mradi umeisha mwezi huu, hata mimi naenda kazi nyingine Kapsabet." Aliiweka soda chini bila kuimaliza. "Nitawaambia lakini."

Labda aliwaambia. Mpaka leo wahudumu wanapita Huruma na simu zao, wanauliza maswali yaleyale, na mitaa ile ni kijani tupu.

Kanisani mwao ni desturi kwamba mwanamke ambaye damu yake imekoma huhamia mbele. Kuna mkeka pale, chini ya madhabahu, wanakokaa vikongwe. Hao hawakai benchini tena maisha yao. Wanaosha vyombo vya meza takatifu, wanasalimiwa kwanza, na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, huwaita shosho, yaani nyanya. Ni heshima kubwa, na mwanamke huingoja mpaka miaka hamsini na ushee. Mama Waithira alimjia Kabura na habari hiyo kwa furaha isiyo na unafiki.

"Sheria ni sheria," alimwambia. "Yako imekoma. Nafasi yako ni mbele, Kabura. Hakuna atakayekutoa."

Kabura alikuwa na miaka thelathini na minane. Ngoma ilikuwa imeshapata mwenyewe: alipewa Lynette.

Kutoka mkekani mtu huona kila kitu. Jumapili ya kwanza Kabura alikaa kati ya vikongwe wawili waliosinzia, akaitazama ngoma yake ikipigwa, si vibaya. Lynette alikuwa amenenepa kidogo. Midomo yake haikuwa na rangi, na kati ya wimbo na wimbo alivuta pumzi kwa mdomo. Alipobadili mkao, gauni jeupe lilipanda juu ya kifundo cha mguu, na chini yake kukatokea ukingo wa sketi nyeusi, nzito, ya uzi wa sweta. Kabura aliutambua ule ufumaji kabla hajakumbuka. Alikuwa ameiuza mwenyewe mwaka juzi kwa mtu aliyesema ni ya baridi.

Alimkamata mlangoni baada ya ibada, akamvuta kando kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

"Lynette, nenda hospitali. Kesho. Mimi nitakupeleka."

"Kufanya nini, anti?"

"Unajua kufanya nini. Ile kalenda nilikujazia ilikuwa uongo. Ndiyo iliniua mimi. Angalia niko wapi."

Lynette alitazama pembeni. Mama Waithira alikuwa akija upande wao na kiondo chake. Msichana aliinua kidevu, na alipojibu alijibu kwa sauti ya kusikika.

"Mimi niko sawa, anti. Niko green. Antony ameweka karatasi kwa mlango." Kisha, kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa, "Wewe pole tu kwa yenye ilikupata."

Akaenda. Kabura alimfuata kwa miguu siku ya Jumanne hadi saluni, na Lynette akamwambia ana mteja. Alimwendea Antony, na Antony akamwambia mke wake alipimwa na mashine. Wiki tatu alijaribu. Alisimama hata mbele ya Mama Waithira, akafungua mdomo, akafikiria msichana yule akisimamishwa mbele ya kanisa kuungama mzizi, akaufunga.

Ikafika Jumapili ya nne. Ngoma ilikuwa imenyamaza, maana mpigaji alikuwa nje. Kupitia dirishani Kabura alimwona Lynette kwenye benchi, amenyoosha mgongo, mikono mapajani, akionekana na kila aliyepita, sawasawa kabisa na alivyomfundisha. Hakuwa na shida yoyote leo, hiyo ilionekana. Leo ndiyo siku aliyokuwa mkavu, bila hata tone la damu.

Mtoto wa Mama Ashley, mdogo wake Ashley, wa miaka minne, alikuja mbele akitafuta pa kukaa. Alivaa sweta ya bluu, kifua inchi ishirini na mbili, kazi ya Kabura. Akamgusa begani.

"Shosho," alisema, "songa kidogo."

Kabura akasonga.